Hana

Hospitali ya Kitete, saa nne usiku.
Kalamu ya muuguzi inagoma;
anaichorachora kiganjani mpaka iteme wino.
Jina? Kalunde binti Mihambo.
Kijiji? Ipole, njia ya Sikonge.
Umri? Mwaka wa nzige, mwenyewe ndivyo ahesabuvyo.
Dini?

Mama yuko kwenye machela, homa imemkausha midomo,
lakini swali hilo kalisikia.
"Ya kwetu," akasema.
Muuguzi akanigeukia mimi, kama anayengoja mkalimani.
"Ya kwetu," nikarudia. "Ya wazee."
Palikuwa na vijisanduku viwili na mstari mfupi.
Juu ya mstari akaandika: Hana.

Herufi nne. Nimekesha nazo.

Hana, huyu ambaye hajawahi kulamba asali mpya
kabla hajaitonesha chini:
tone kwa Likube aliye juu,
tone kwa baba yake,
tone kwa mjomba aliyekufa relini
na kaburi lake halina hata kibao.
Huyu auombaye radhi mti
kabla ya kuuchuna gome la mzinga.
Huyu aliyenichapa mara moja tu maishani,
siku nilipomcheka kichaa wa stesheni.
"Unajua ni babu wa nani yule?"

Shuleni, kipindi cha dini,
wa kanisa walikwenda chumba cha kushoto,
wa msikiti chumba cha kulia,
mimi nilitumwa kumwagilia bustani.
Mchicha wa shule ile ulinawiri sana.

Na macho yake mekundu. Haya, semeni.
Miaka ishirini na mitatu kwenye mabani ya tumbaku ya watu,
akichochea moto usiku wa manane
ili majani yaive rangi ya fedha ya mwingine.
Moshi ulimlipa kwa rangi hiyo.
Jirani aliiona rangi, hakuuliza habari za moshi.
Mwaka ule ng'ombe wake walipokufa
tulilala miezi miwili kwa shangazi, Usoke,
mlango tumeuegemezea kinu.

Sitasema hakuna wauaji wenye hirizi.
Wapo. Wanawakata watu wakinunua bahati,
na jina letu wanalivaa
kama mwizi avaavyo koti la maiti.
Habari zao zikitangazwa, mama huzima redio,
hutoka nje, humwaga maji kidogo mchangani,
hasemi neno.

Wapo pia wanaotupenda vibaya.
Alikuja kijana na kamera, mpole, na kreti nzima ya soda,
akamwomba mama avue kitenge avae ngozi,
ionekane asili.
Mama akamwambia mizimu yake imemzoea na kitenge;
akivaa ngozi, haitamtambua.
Soda tulikunywa.

Dada yangu Nyanzala ameokoka.
Hutuombea kwa sauti, sisi tuliopotea,
anatutaja kwa majina,
na mama huitikia amina.
Si ya kejeli. Ni amina kamili, yenye uzito wake.
"Anamtaja Muumba. Nimkatalie nini?"
Nyanzala mpaka leo hajui aiweke wapi amina hiyo.

Alfajiri homa ilishuka. Treni ya Kigoma ikapiga honi.
Mama aliomba maji.
Kabla ya kunywa aliinamisha kikombe, kisha akasita:
sakafu ilikuwa imepigwa deki sasa hivi,
na aliyeipiga alikuwa bado amejishika kiuno.
Mama akamwonea huruma.
Akachovya kidole, akajigusa kifuani,
akanywa.

"Nisomee hicho cheti," akaniambia.
Nikasoma. Jina, kijiji, umri.
Nilitaka kuruka. Sikuruka.
"Dini: hana."

"Hana nini?"

Muuguzi alikuwa pale pale, kipimajoto mkononi.
Mama akamtazama, bila hasira, kwa yale macho,
akingoja amalizie sentensi.